Ramani Yetu na Shimo la Sita

Mwalimu wangu mpendwa,

Jana walitundika ramani yetu. Iko katika ukumbi mkubwa wa chuo, upande wa kushoto unapoingia, kwenye ule ukuta uliokuwa na matundu ya risasi mpaka walipoyaziba kwa simenti mwezi uliopita. Waliiweka kati ya kazi ya mwanafunzi mmoja juu ya ugonjwa wa mihogo na kazi ya mwalimu mwenzangu juu ya chemchemi za vilimani. Ile siku ya kuonyesha utafiti wameirudisha, mara ya kwanza tangu vita. Wazazi walikuja na nguo za kanisani, na kila mwanafunzi alisimama mbele ya karatasi yake akitokwa jasho. Ungefurahi. Ungezunguka ukiwatesa, maana ulipenda kumuuliza mtu swali moja tu, lile ambalo hakulitayarisha.

Jina lako liko juu, langu chini yake. Ramani ya udongo kutoka Bunia hadi Marabo, mashimo tisa, rangi tatu. Mkurugenzi alisema wakulima wanaorudi kwenye mashamba yao wanaitumia kujua wapi wapande maharagwe na wapi waache nyasi, akasema hii ndiyo kazi ambayo chuo kinajivunia. Watu wakapiga makofi. Kisha binti mmoja wa mwaka wa pili akainama juu ya meza iliyo chini ya ramani, pale nilipopanga maelezo ya kila shimo, akayafuata kwa kidole.

"Madamu, ya sita mbona haina kitu?"

"Ilipotea na vita," nikamjibu.

Akaitika kwa kichwa, na wengine wote wakaitika. Hapa Bunia ukishasema hivyo hakuna anayekuuliza tena. Ni mtu mmoja tu ambaye hakuitika. Mkeo, Mama Neema, alikuwa ameketi mstari wa mbele na kitenge chake cha kijani, amealikwa kwa heshima yako, na alikuwa ananitazama mimi, si ramani.

Haikupotea, Mwalimu. Mimi nilijua shimo la sita liko wapi na nilijua nani yumo. Mkeo sikumwambia. Wahenga wanasema njia ya mwongo ni fupi, lakini yangu nimeitembea miaka, na kila mwaka nilijiambia nitasema baada ya mavuno. Wewe ulikuwa mkali kwa mtu anayeandika asichokiona. Sijui ungemfanyaje mtu anayeona asiandike.

Unakumbuka shimo la kwanza? Utepe wa kupimia ulikuwa umeporwa pamoja na mizani na hata mapazia ya maabara. Nilidhani tutaahirisha. Wewe ukalala chali kwenye nyasi, miguu pamoja, mikono ubavuni, ukafumba macho kwa ajili ya jua.

"Piga jembe ku kichwa," ukasema. "Sasa ku miguu. Murefu wangu inatosha."

Nikapiga jembe karibu na nywele zako, kisha karibu na viatu vyako. Ukasimama, ukajipangusa majani, ukaanza kuchimba huku ukiimba wimbo wa kanisa kwa maneno uliyoyaharibu mwenyewe. Mashimo matano ya kwanza tuliyapima hivyo, na la sita pia; matatu ya mwisho niliyachimba peke yangu baada ya vita. Wakati ule niliona ni ujanja wa kazi. Siku hizi nikikumbuka, ngozi inanisisimka.

Ukanifundisha mambo ya maturubai mawili. Udongo mweusi wa juu kwenye bashi moja, mwekundu wa chini kwenye nyingine, yale mabashi ya bluu tuliyoyaomba kwa watu wa misaada. Na jioni, tukishasoma tabaka zote na kuchukua udongo wa mfano katika vifuko, tulifunga shimo kwa mpangilio uleule: mwekundu kwanza, wa kahawia kati, mweusi mwisho. Mikono yangu ilikuwa na malengelenge. Nikakuuliza nani atajua tukitupia tu ovyo.

"Mwenye shamba atajua," ukasema. "Nyekundu ikipanda juu, maharagi haitaota, njaa itamuambia. Udongo irudi namna ilitoka."

Ulisema hivyo kila jioni, mpaka nikawa nakuigiza nyuma ya mgongo wako.

Jambo moja sikulipenda tangu mwanzo. Ukishuka shimoni mpaka kifuani, sauti za nje zinakatika. Mchana kweupe, jua liko utosini, na wewe umesimama katika baridi ukikwaruza ukuta kwa kisu. Siku moja nilikuita kutoka ndani mara tatu na hukunisikia, ingawa niliona viatu vyako pembeni ya uso wangu. Nilipotoka ukaniambia sikuita. Tulibishana, tukacheka, lakini toka siku hiyo nilikuwa nashuka na kutoka haraka.

Sasa yule mama wa shimo la sita. Shamba lake la maharagwe lilikuwa chini ya migomba, mkono wa kulia ukielekea Marabo. Alikuja na jembe lake begani, akatuzunguka bila kusalimia, akapima shimo kwa macho.

"Munachimba ya nani?"

"Ya maharagi, mama," ukamjibu kutoka ndani, kichwa tu kikiwa nje.

"Maharagi hailalaka murefu vile."

Ukacheka sana. Yeye hakucheka. Aliketi kwenye jiwe lile jeupe na kututazama kutwa nzima, jinsi tunavyotenga udongo, jinsi tunavyouita kwa rangi zake. Aliuliza kwa nini huku na kwa nini kule, na wewe ulimwelezea kila kitu kama mwanafunzi aliyelipa karo. Kisha mawingu yakatoka upande wa Irumu. Ulikuwa umebakiza kuchukua udongo wa tabaka la chini kabisa, kazi ya nusu saa. Mimi nilikuwa na njaa na baridi, na viatu vyangu vilikuwa vipya. Nikasema twende, tutamaliza kesho.

Mimi ndiye niliyesema. Liandike hilo mahali ulipo.

Tukatandika mabashi vizuri juu ya udongo, tukaliacha shimo wazi. Yule mama akatufuata hadi njiani. Alisema shimo la urefu wa mtu halilali wazi, linangoja. Kama hatulifungi, tukate angalau kipande cha mgomba tukilaze ndani, ili lidhani limekwisha kupata.

"Kesho, mama," ukamwambia.

"Basi miye nitakata," akasema. "Kesho nitaleta."

Asubuhi iliyofuata mji uliamka na milio ya risasi. Watu wako na watu wangu walikuwa wamekwisha kuanza kuwindana mtaa kwa mtaa, na siku hiyo ilikuwa zamu ya watu wangu kuwinda. Sisi tulikuwa tunafunga mizigo kukimbilia Beni kabla zamu haijageuka. Wewe ukapita katikati ya mtaa wetu, na ile sura yako ambayo kila mtu alijua imetoka wapi, ukabisha hodi kwa mama yangu. Ulikuwa umeleta kaye, daftari letu la mashimo, limefungwa katika mfuko wa sukari.

"Weye beba kaye," ukaniambia. "Miye nitabakia na udongo."

Nilikuambia ukimbie. Ulikuwa kama hunisikii, kama siku ile shimoni. Ulisema neno moja tu lingine, na ulilisema kwa wasiwasi wa mtu aliyeacha sufuria motoni.

"Shimo iko wazi."

Nililia njia nzima hadi Komanda, na watu walidhani ninalilia nyumba.

Niliporudi Bunia, mtaa wenu ulikuwa na nyumba tatu zenye paa. Mama Neema alikuwa amejibanza katika moja. Aliniambia ulitoka siku ya pili ya vita, mapigano yalipotulia kidogo, umebeba jembe, ukamwambia unakwenda kumaliza ya sita na utarudi kula. Kuanzia hapo hakuna aliyekuona. Alikuwa ameuliza hospitalini, kanisani, kwa askari wa kila rangi. Kisha akanitazama na kusema jambo nililoliogopa tangu Beni.

"Weye unajua mashimo ya Papa Neema yote. Unipeleke."

Tulikwenda mchana, mimi na kaye na tarieri, kile chuma cha kuzungusha kinacholeta udongo wa chini bila kuchimba. Barabara ya Marabo ilikuwa kimya namna ambayo sijaisikia tena. Nyumba zilikuwa na milango wazi na hakuna mbuzi, hakuna moshi, hakuna mtu wa kutujibu hodi. Na kando ya njia, kwenye nyasi, kulikuwa na madoa mekundu. Mama Neema hakuyaelewa, na mimi sikumweleza. Anayezika kwa hofu anarudisha udongo ovyo, na ule mwekundu wa chini unakuja juu na kubaki hapo mwaka mzima. Ulinifundisha kusoma udongo, Mwalimu, na siku hiyo nilisoma kilima kizima nikatamani nisingejua kusoma.

Mashimo yetu matano yalikuwa kama tulivyoyaacha, nyasi zimeyafunika. Kufika kwa la sita, sikuliona. Kaye ilisema hatua arobaini kutoka jiwe jeupe kuelekea migomba. Nikahesabu, nikasimama, hakuna shimo. Nikarudi kwenye jiwe, nikahesabu tena, nikafika palepale. Nyasi zilikuwa nzuri, ardhi nyeusi, hakuna doa jekundu hata la ukubwa wa kiganja. Shimo tuliloliacha wazi lilikuwa limefungwa.

Nikazungusha tarieri. Udongo ulikuja mweusi. Chini yake wa kahawia, kisha mwekundu, kila mmoja katika kina kilekile kilichoandikwa katika kaye kwa mwandiko wako. Duniani kote tulikuwa watu wawili tu tunaofunga shimo hivyo kwenye kilima kile, na mmoja alikuwa Beni. Kwa muda fulani, usinicheke, niliamini ulikuwa umelifunga mwenyewe, kutoka ndani.

Nikazungusha mara moja tena. Chuma kilitoka na uzi wa bluu, uzi wa bashi, umejiviringisha kwenye ncha.

"Iko ye?" Mama Neema akauliza. Alikuwa amesimama upande wa pili wa jua, sikumwona vizuri usoni.

Nikafunga kiganja. "Hapana, Mama. Ni mizizi tu."

Akafungua kitenge chake, akatoa hindi la kuchoma, akalikata katikati kwa goti na kunipa nusu. Tulikula tumesimama juu yako.

Kwa nini nilisema uongo? Nimejipa majibu mengi. Niliogopa atauliza nani aliliacha wazi. Niliogopa atauliza ni watu gani walikuwa kwenye kilima kile wiki ile, na jibu lingekuwa kaka zangu, kama si wa tumbo moja basi wa lugha moja. Na baada ya kusema mizizi mara moja, kila siku iliyopita ilinenepesha lile neno. Ndugu zako walitaka kuweka matanga. Mama Neema alikataa. Alisema mtu hana kaburi, atalia wapi. Kila Jumapili nilimletea unga au sabuni, naye alinikaribisha, na kiti chako kilikuwa kitupu ukutani, na mimi nilikuwa nakaa nikitazama mahali pengine.

Jibu la nani aliyekufunga nililipata katika kambi ya waliokimbia vita, pembeni ya mji. Nilikwenda na wanafunzi kuuliza habari za mbegu. Mwanamke mmoja alinishika mkono.

"Weye iko ule wa kaye," akasema.

Ni yule mama wa maharagwe. Si wa kabila lako wala langu, na pande zote mbili zilimchomea nyumba. Aliniketisha kwenye ndoo. Akasema siku ya pili ya vita alikuwa amekata kile kipande cha mgomba kama alivyoahidi, akakibeba mikononi kuja shambani, akakukuta umemtangulia. Ulikuwa ndani, kichwa tu nje, unamaliza udongo wa chini, na kifuko ulikuwa umekwisha kukiweka ukingoni. Kabla hajakuita, wanaume wakatoka njiani. Yeye akabaki kwenye migomba, amekumbatia lile shina.

"Balimuuliza kama miye," akaniambia. "'Unachimba ya nani?' Na ye akabajibu kama alinijibuaka miye. 'Ya maharagi.'"

Akaushika tena mkono wangu.

"Bale habakucheka," akasema.

Walipokwenda, alishuka peke yake. Alikufunika kwa bashi moja. Udongo ulikuwa pale umetengwa tayari, mweusi huku, mwekundu kule, na yeye alikuwa ametutazama kutwa nzima kutoka kwenye jiwe. Aliurudisha namna ulivyotoka. Lile shina la mgomba alililaza kando yako kwa sababu, alisema, alikuwa amechelewa nalo na hakujua alipeleke wapi. Nilimuuliza kwa nini alijitaabisha na tabaka wakati watu wanapigwa risasi. Alinishangaa.

"Si ye alisema nyekundu ikipanda juu maharagi haitaota?"

Kisha akaingiza mkono chini ya mkeka na kutoa kifuko. Kutoka kuchomewa nyumba mara mbili hadi kambini, alikuwa amekibeba. Ndani kulikuwa na udongo mwekundu na kikaratasi chenye mwandiko wako wa penseli: shimo la sita, tabaka la chini. Kimekaa katika droo yangu hadi leo. Kila mwaka nilinakili maelezo ya mashimo yetu na kuacha mstari mmoja mtupu.

Sasa nirudi kwa jana. Watu walitoka, viti vikakusanywa, Mama Neema akabaki. Alisimama mbele ya ramani kwa muda mrefu. Yeye hasomi Kifaransa na maelezo yote ni ya Kifaransa, lakini alifuata barabara kwa kidole kutoka Bunia, taratibu, shimo kwa shimo, mpaka kidole kikasimama.

"Hapa ndiyo fasi ulipataka mizizi, siyo?"

Nikatazama viatu vyangu.

"Mizizi haikuwaka ya bulu," akasema. "Niliona. Mukono yako ilifunga, lakini uzi ilibakia inje kidogo."

"Mama, ulijua? Miaka yote hii ulijua?"

"Kujua ni nini? Weye ndiyo ulisoma udongo. Miye ningesema ni kaburi, bangesema bibi ya watu amechanganyikiwa na kilio. Nilikuwa nangoja weye useme."

Mimi nilidhani anakungoja wewe. Kumbe kila Jumapili, na ule unga wangu na ile sabuni yangu, alikuwa ananingoja mimi.

Nikapiga magoti pale kwenye simenti nikamwambia yote. Mvua, viatu vyangu vipya, kaka zangu, uzi. Nilipofika kwenye "ya maharagi" nilitaka kuruka, lakini alinishika kidevu na kunitazama nikasema. Alicheka, Mwalimu. Alicheka huku machozi yanamshuka, akapiga kofi goti. "Ndiyo ye," akasema. "Ndiyo ye kabisa." Kisha akalia vile alivyotakiwa kulia siku nyingi, na mlinzi wa ukumbi akaja na kurudi.

Leo asubuhi nimeingia maabara na yule binti wa mwaka wa pili. Tumetoa vijiko vichache kutoka kwenye kifuko chako, tumepima kila kinachopimwa. Mikono yake ni mizuri kuliko yangu ya wakati ule. Mstari wa sita hauko mtupu tena, na mbele yake nimeandika jina la aliyechukua udongo, ambalo ni lako. Nilimweleza pia nani alikitunza. Ameniuliza kama jina la yule mama linaweza kuwekwa kwenye ramani, chini ya yetu. Nimemwambia alete kalamu.

Kesho tunakuja. Mama Neema, mtoto wenu Neema ambaye sasa amekuwa mrefu kama wewe, ndugu zako, mchungaji, na yule mama wa maharagwe akipata nguvu za kutembea. Mimi nitawaongoza kutoka jiwe jeupe, hatua arobaini. Kilichobaki katika kifuko nitakileta.

Sasa nisikilize bila hasira. Najua udongo ule ni wa chini, na najua kanuni yako kuliko mtu yeyote aliye hai. Lakini makaburi yote ya kilima kile yalionekana kutoka barabarani isipokuwa lako, kwa sababu lako lilifungwa vizuri mno. Kazi yako mwenyewe ndiyo iliyokuficha. Kwa hiyo kesho nitakivunja kile kifuko na kuumwaga ule mwekundu juu ya mweusi, juu kabisa, ili Mama Neema akipita na gari la Marabo aone doa na ajue ni wewe.

Pale maharagwe yasiote. Unikasirikie tu.

Lala, Mwalimu. Safari hii shimo halingoji mtu.

Ni mimi mwanafunzi wako, yule wa kaye